Bi. Tryphena Wakesho, Mpiga Hodi wa Kikosi cha Ndara

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 1927, Bi. Tryphena Wakesho anastaafu baada ya kukitumikia Kikosi cha Ndara kwa miaka ishirini na mitatu na miezi saba. Katika muda huo amefika kwenye sayari kumi na tisa, amepiga hodi kwenye malango mia moja arobaini na mawili, na hajashika bunduki hata siku moja. Kamati ya sherehe imenipa kurasa mbili za kumweleza, ikanionya nisitie chumvi. Nitajitahidi, ingawa mnanijua.

Mimi ni Mbaruk Miraj, mpokeaji wa simu ya upepo hapa kikosini. Nimesafiri naye merikebu moja kwa miaka ishirini, na tumegombana karibu yote hiyo. Basi mnivumilie.

Wageni waliotoka Taveta na Mata kuja kula pilau yetu huenda hawaijui kazi yenyewe. Sisi ni askari wa kukodiwa. Mtu akidhulumiwa huko kwenye nyota, naye hana jeshi, hutuma ujumbe Voi. Tukiona ana haki, tunapanda merikebu pale uwanjani nyuma ya stesheni na kwenda kumpigania. Vikosi vya namna hii viko vingi, na vingi vyao ni wanyang'anyi waliovaa sare. Marehemu Kamanda Badawy alipoanzisha chetu aliapa kwamba sisi hatutakuwa hivyo. Mama yake alimlea hapa hapa Voi akijua kwamba nyumba ya watu haiingiwi bila hodi, iwe ya rafiki au ya adui, na kwamba hodi ni tatu. Usipoitikiwa mara ya tatu, geuza njia urudi kwenu. Kamanda akaiandika vivyo hivyo, ikawa Kanuni ya Kwanza.

Kwa hiyo kabla ya vita vyovyote mtu mmoja asiye na silaha hutangulia mpaka langoni. Hupiga hodi, hueleza nani katutuma na tunataka nini. Akijibiwa, hata kwa tusi, basi mwenye nyumba yupo na lazima tuzungumze. Mazungumzo yakishindikana, walio ndani wanapewa mpaka kesho yake watoe watoto, wazee na yeyote asiyetaka vita. Asipojibiwa mara zote tatu, kikosi kizima kinarudi nyumbani. Mtu huyo ndiye mpiga hodi. Tangu 1904 amekuwa Bi. Tryphena peke yake, na mwaka huu ilibaki kidogo tu kazi hiyo ifutwe siku ile ile atakayoondoka. Nitafika huko.

Hakuajiriwa kwa kazi hiyo. Alishuka kutoka Ronge mwezi Machi 1904, mjane wa miaka thelathini na mmoja, akaandikwa mpishi. Jamani! Waliokuwepo hawajasahau. Maharagwe yake yalilia kwenye sahani kama changarawe, na ugali wake ulikuwa mbichi kati na umeungua pembeni, jambo ambalo wapishi wengine walisema haliwezekani. Kamanda Badawy, mtu mwenye adabu zake, alikula siku tisa akisema alhamdulillahi, siku ya kumi akalala kitandani.

Kilichomwokoa Bi. Tryphena ni sauti. Kwao Ronge watu huitana kutoka mlima huu mpaka ule bila kujisumbua kushuka bondeni, naye hakujua namna nyingine ya kuwaita watu waje kula. Siku moja aliwaita askari chakula cha mchana, na gadi wa gari la moshi lililokuwa likiondoka stesheni akadhani kuna mtu amekanyagwa, akalisimamisha gari. Kamanda alitoka ofisini, akamwomba kwa heshima zote aweke mwiko chini awe mpiga hodi.

Kuanzia hapo alirushiwa mawe, alimwagiwa maji ya kuoshea vyombo, na kwenye sayari moja alifunguliwa mbwa wenye miguu sita. Mbwa wale aliwakemea kwa Kidawida cha kwao Ronge wakakaa kitako. Hapa Voi ndovu wakilala mahali pa kutua merikebu, hatukuwa tukipiga risasi hewani. Tulikuwa tunakwenda kumwita Bi. Tryphena. Yako mataifa matatu huko juu ambayo hayajui neno lolote la Kiswahili isipokuwa hodi, na yanalitamka kwa lafudhi ya Ronge.

Malango tisini na sita kati ya yale mia moja arobaini na mawili yalifunguliwa kwa maneno yake tu, vita visipiganwe. Wengi wamemwuliza anafanyaje. Mimi niliyekuwa nikimsikiliza kwenye simu ya upepo nitawaambia: hana haraka. Anakwenda na kigoda chake cha miguu mitatu, anaketi, anauliza hali. Ukutani kumejaa mizinga imemwelekea, nywele zangu zimesimama, yeye anauliza kama mvua imenyesha na watoto wanaendeleaje. Wallahi nimemwambia mara mia aharakishe. Ananijibu kwamba kama nina haraka nitangulie mimi.

Lakini lango linalotajwa kila mahali askari wetu wanapokutana ni lile la mwaka 1919, kwenye sayari yenye namba ndefu ambayo sisi tuliiita Nyika ya Baridi. Wakulima elfu mbili wa bondeni walikuwa wamefungiwa maji na watu wa ngome iliyokalia mfereji. Wakatukodi tuwafungulie. Akiba yao ya maji ilikuwa ya siku nane. Na mkubwa wa ngome, mjanja yule, alikuwa ameulizia habari zetu mapema. Aliwaamuru watu wake mia mbili wanyamaze kabisa, hata mwenye kikohozi akohoe ndani ya blanketi, hodi tatu zipite, sisi twende zetu.

Bi. Tryphena akapiga hodi asubuhi. Kimya. Akapiga adhuhuri. Kimya. Ikabaki moja.

Hapo tulikosana vibaya. Askari walitaka kulivunja lango papo hapo, na mimi nilikuwa mbele yao nikipiga kelele. Nilisema watu elfu mbili hawawezi kufa kiu kwa ajili ya neno moja. Nilisema pia kwamba Kamanda Badawy ameshakufa, Mungu amrehemu, na marehemu hajali. Maneno hayo nayaonea aibu mpaka leo, na naomba radhi hapa mbele ya wote. Kamanda Crispus wa Mwatate, aliyekuwa ndiyo kwanza ameshika uongozi, alisema hodi ni ya mpiga hodi, hata yeye hawezi kuichukua. Tukamgeukia Bi. Tryphena. Alisema akiivunja Kanuni ya Kwanza kwa ajili ya watu wema hawa, mwakani tutaivunja kwa ajili ya wabaya, na hakuna lango litakalotuamini tena. Halafu akasema kanuni imetaja hodi tatu, haikutaja ya tatu ipigwe lini. Akaomba sufuria.

Akaketi mbele ya lango lile akaanza kupika. Siku ya kwanza aliunguza uji. Siku ya pili akaunguza tena, na safari hii na kitambaa cha kushikia sufuria. Siku ya tatu sitaisema, kuna watu watakaokula muda si mrefu. Siku ya nne alichukua mizizi myekundu ya kule, ambayo wenyeji huimenya, wakailoweka, kisha wakaichemsha na majivu kidogo. Yeye aliitumbukiza na maganda yake, akatia chumvi kiganja kizima, akakoroga kwa nguvu. Sisi tuliokuwa tukimtazama kwa darubini tulifumba macho.

Kumbe kulikuwa na bibi kizee mmoja ndani ya ngome aliyekuwa akichungulia kwenye tundu la ukuta siku zote nne. Amri ya mkubwa wake aliishika, lakini mizizi ile ilimshinda. Alipaza sauti ikasikika bonde zima, akimwuliza yule mwanamke wa nje kama hana mama aliyemfundisha, na kumwamuru aimenye kwanza, aimenye, anaiharibu!

Lo! Mwenye nyumba yupo. Bi. Tryphena alisimama taratibu, akashukuru kwa mafunzo, akauliza majivu yanatangulia chumvi au yanafuata. Akajibiwa. Ndipo akapiga hodi ya tatu, kwa upole, kama jirani anayekuja kuazima ungo. Kisha bibi yule alicheka mpaka akakohoa, na hakukohoa ndani ya blanketi. Akasema karibu.

Mazungumzo yalianzia pale pale juu ya sufuria na kuchukua siku mbili. Mkubwa wa ngome alikuwa ametegemea kimya tu, na kimya kilipovunjika hakuwa na kingine cha kutegemea. Watu wake wenyewe walikuwa wamechoka naye. Siku ya sita maji yalishuka bondeni. Hakupigwa risasi hata mtu mmoja. Je, Bi. Tryphena alikosea mapishi makusudi? Nimemwuliza miaka minane. Hunijibu kwamba mizizi ile ilikuwa inaiva vizuri tu.

Sasa nije kwenye mambo ya mwaka huu, ambayo wengine wangependa niyaruke. Januari Baraza la Kikosi liliamua kwamba Bi. Tryphena akistaafu, nafasi ya mpiga hodi ifungwe. Walisema nyakati zimebadilika, vikosi vingine vinashuka toka hewani na mizinga bila kumwambia mtu, na kwamba hodi inampa adui nafasi ya kuvaa viatu. Barua ya kustaafu ikaandaliwa, akapewa aitie sahihi. Akaikunja akaitia kwenye mkoba. Kila mwezi karani alimkumbusha, na kila mwezi alisema hajaimaliza kuisoma. Barua yenyewe ina mistari minne.

Mimi nilijua alichokuwa anaogopa, kwa sababu aliniambia. Hakuogopa kuondoka. Magoti yake yamechoka, na Ronge kuna nyumba na wajukuu. Aliogopa kwamba miaka ishirini na mitatu kikosi kilikuwa kinamwachia yeye adabu zake zote, na kwamba siku akishuka merikebuni nazo zitashuka naye. Aliniuliza kama tulikuwa tunapiga hodi kwa sababu tunaiamini au kwa sababu yeye ni mkali.

Mwezi Julai tulikodiwa kuwakomboa wachimba migodi thelathini na wawili waliotekwa na majambazi kwenye mwezi mmoja wa mbali huko angani. Amri ya Baraza ilikuwa kuingia bila hodi. Magoti ya Bi. Tryphena yalikuwa yamevimba hata hawezi kushuka ngazi, kwa hiyo alibaki merikebuni, akaja kuketi chumbani kwangu karibu na simu ya upepo. Askari sitini na mmoja walishuka na Kamanda wao, tukasikia viatu vyao kwenye kokoto, tukasikia wamefika langoni, wamesimama. Kamanda Crispus ndiye aliyetakiwa kutoa amri ya kuvunja.

Hakuna aliyevunja. Nilidhani chombo changu kimeharibika. Kisha sauti moja ya kukwaruza ikasema hodi. Ilikuwa ya Kamanda mwenyewe. Na kabla hajamaliza, wakaitikia wote sitini na mmoja, hodi moja kubwa iliyotikisa sindano za mitambo yangu.

Bi. Tryphena alijifunika uso kwa leso akalia. Mimi pia nililia, andikeni hivyo. Kutoka ndani ya lango likaja tusi refu, chafu, ambalo siwezi kulichapisha, na maana yake mnaijua: mwenye nyumba yupo. Mateka wote walitoka wazima kesho yake baada ya mazungumzo, na mwezi uliofuata Baraza lilibatilisha uamuzi wake bila maelezo mengi.

Bi. Tryphena hakungoja hiyo kesho. Alijipangusa macho, akalalamika kwamba wameanza vibaya, wengine mbele wengine nyuma, na kwamba yule wa mwisho alikuwa anapiga kelele tu. Kisha akafungua mkoba, akaitoa barua ile, akaniomba kalamu.

Bi. Tryphena, asante. Asante kwa malango yote, na kwa vijana wetu waliorudi makwao na miguu yao miwili kwa sababu ulitangulia wewe. Nenda Ronge ukae na watu wako. Migomba yako izae, magoti yapoe, na wajukuu wakupikie. Kikosi kizima kinakuombea maisha marefu yenye raha na afya, na chumbani kwa simu kuna mzee mmoja ambaye hajui atagombana na nani.