Soksi za Msusi

Basi lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo niliyasikia yote bila kutega sikio. Kiti cha mbele yangu, msusi mmoja alikuwa ameweka miguu juu ya kapu lake la vitana, mishipa imemtutumka. Aliyekaa naye, muuguzi mstaafu, alirekebisha wigi lake akainama kutazama.

"Mwanangu, hapo juu ya kifundo pamekuwa peusi. Panawasha?"

"Mno, mama. Najikuna kwa kitana."

"Hebu acha! Unasimama kutwa, mwili nao umejaa, na ngozi hiyo imeshachoka. Ukijikwaruza kidogo tu, utauguza kidonda miezi. Hospitali hawakukupa soksi za kubana?"

"Walinipa, na zinabana kweli! Nimezikatakata, nawavisha wateja kichwani kabla ya wigi. Halitelezi ng'o."

Muuguzi alifumba macho. Nadhani alikuwa anahesabu mpaka kumi.

"Kwa hiyo wateja wako hawatapata kidonda cha mguu kichwani."

Msusi alicheka hadi kapu likaanguka. "Basi nitaomba nyingine, mama."

Basi likasimama. Muuguzi akashuka, wigi likamwangukia usoni. Akalisukuma nyuma, akarudi dirishani.

"Mwanangu, hivyo vipande... vimebaki?"