Tunaomba Dakika Mbili za Wani

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Timu ya Mpira wa Kikapu ya Korongo. Viongozi mliofuatana naye. Wachezaji wa timu zote mbili. Wazee na majirani wa mtaa wa Juba Na Bari:

Siku mchezaji wetu Wani alipoondoka tulikuwa tunamwagilia uwanja. Wakati huo uwanja huu ulikuwa wa udongo, na kila Jumamosi asubuhi tulichota maji mtoni tukamwaga ili vumbi litulie kabla ya mazoezi. Wani alikuja na mfuko wake wa viatu, akashika ndoo kama siku zote, akamwagilia upande mzima wa mtoni peke yake. Kisha akanawa miguu, akavaa viatu vyake vya kanisani, akasema, "Haya, ndugu zangu. Korongo wamekuja kunichukua." Gari lenu lilikuwa limesimama barabarani, injini inanguruma. Tulidhani anakwenda kuweka sahihi tu, atarudi kufanya mazoezi na wenzake. Kocha wetu, Zadock, alipowapanga wachezaji alimwachia nafasi yake. Hakurudi siku ile, na msimu wa pili sasa unakwisha.

UKARIBISHO

Karibu Juba Na Bari, mgeni rasmi. Risala hii imeandikwa na katibu wa timu yetu ya Ukingo, Teresina, mjane wa marehemu Tisa, aliyekuwa mchezaji wetu mkongwe kuliko wote. Jumatano jioni ilisomwa mbele ya wanachama, na waliokuwa na la kuongeza wakaongeza. Bi Florence wa ofisi yako alituomba tuandike shukrani, tena fupi. Tunaanza na shukrani.

Tunakushukuru kwa sakafu hii unayoifungua leo. Ni sakafu nzuri. Mpira unaruka sawasawa, na wanaokaa nyumba za jirani hawali tena vumbi letu. Picha kubwa ya korongo iliyochorwa katikati ya uwanja tumeiona. Hatukuulizwa, lakini aliyeleta rangi ndiye anayechora.

Mtaani watu wanasema tuliuza mtu tukapewa sakafu. Hatukuuza mtu. Hata hivyo hatuwezi kuwakataza kusema, maana Wani aliondoka mwezi wa pili, na mwezi wa tatu lori lenu la saruji lilikuwa hapa.

TULIKOTOKA

Timu ya Ukingo haikuzaliwa Juba. Ilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, kaskazini mwa Uganda, kwenye kiwanja chenye nguzo moja. Walikuwapo Wabari, Wakakwa, Waacholi na Wanuer, na lugha ambayo kila mmoja aliijua nusu nusu ilikuwa Kiswahili. Ndiyo maana mpaka leo tunagombana kwa Kiswahili, na ndiyo maana risala hii iko hivi.

Mpira ulikuwa mmoja, nao ulikuwa wa Tisa. Yeye alikuwa mkubwa kuliko wote, tena mguu ulishaanza kumsumbua, na vijana hawakutaka kumpa nafasi. Akawaambia, "Chezeni. Lakini kabla sijachukua mpira wangu nikalale, nitaingia dakika mbili." Wangefanya nini? Haikuanza kama heshima. Ilianza kwa sababu mwenye mpira alikuwa mkaidi.

Tuliporudi Juba tuliendelea hivyo hivyo. Kwetu, mchezaji mkongwe kuliko wote huingia dakika mbili za mwisho, tukiwa tunashinda au tunashindwa. Filimbi ikilia, anaubeba mpira kwenda nao nyumbani kwake. Atafanya hivyo mpaka siku atakapomwita anayemfuata na kumkabidhi mpira ule, na hapo kazi yake ya uwanjani imekwisha. Hatuna barua ya kuagana wala keki. Tuna hilo tu.

Tumewahi kupoteza mechi kwa sababu ya desturi hii, na moja ilikuwa nusu fainali. Tisa alimpa pasi mchezaji wa timu pinzani, akafunga. Nyandeng, anayeuza chai pale pembeni, akamwambia, "Mzee, yule hakuvaa nguo yetu." Tisa akamjibu, "Lakini alikuwa amesimama mahali pazuri." Watu walicheka. Kikombe kilikwenda kwa timu ya Mangateen, na Jumamosi iliyofuata Tisa aliingia tena dakika mbili zake.

Tisa alifariki wakati wa mvua za mwaka jana, Wani akiwa ameshakwenda kwenu. Wani ndiye aliyekuwa anafuata. Mpira haukukabidhiwa. Wani alikuja mazishini akiwa amevaa nguo za mazoezi za Korongo, maana alikuwa amepewa ruhusa ya saa moja. Alirusha udongo kaburini kwa mikono miwili, akamshika mjane mkono, akaondoka kabla ya chakula.

Tangu hapo dakika mbili zile hazina mwenyewe. Mechi ya kwanza baada ya msiba tulijaribu kuacha wanne tu uwanjani. Mwamuzi akasimamisha mchezo. Akasema wa akiba wapo, wa tano aingie, sheria ndivyo ilivyo. Alikuwa na haki. Aliingia Dau, kijana wetu wa akiba, akasimama katikati, hakujua mikono yake aiweke wapi.

TULIYOYAPATA

Kwa kawaida hapa ndipo tunaposoma vikombe. Tunacho kimoja, na kimepasuka mkono.

Tulichopata kwa miaka ishirini na moja ni Wani. Alianza kucheza kwetu akiwa mwanafunzi. Ninyi mnajua anatumia mkono wa kushoto, na mtangazaji wenu husifu sana mkono ule. Hakuzaliwa nao. Mkono wa kulia ulivunjika siku nguzo yetu ya zamani ilipoanguka na yeye akamsukuma mwenzake pembeni. Kwa miezi aliyofungwa plasta aliendelea kuja hapa akirusha kwa mkono wa kushoto. Alikosa mpaka majirani wakaanza kumhesabia kwa sauti, nao walimhesabia kwa kicheko. Plasta ilipotolewa hakurudi tena kwenye mkono wa kulia. Alisema ameshazoea kuchekwa upande huu.

Hayo ninyi hamwezi kuyajua. Mlimpokea akiwa ameshakamilika.

SWALI LA REDIONI

Mgeni rasmi, mwanzoni mwa msimu uliulizwa redioni kama mchezaji mkongwe anapaswa kumalizia safari yake kwenye timu moja. Tulikusikiliza, wengi wetu tukiwa hapa hapa, redio ya Nyandeng ikiwa juu ya meza. Ulisema, "Anayemalizia kwenye timu moja ni yule ambaye hakuna mwingine aliyemtaka." Mtangazaji akacheka. Nyandeng akazima redio, akaendelea kumimina chai.

Kwa kuwa leo umekuja mwenyewe, tunaomba tukujibu.

Hatusemi kila mchezaji abaki alipoanzia. Robert, aliyekuwa akicheza ulinzi kwetu, alichukuliwa na timu ya Kampala akiwa kijana, na tulimchinjia mbuzi. Mchezaji ana tumbo na ana watoto, na timu ya mtaa haimlipi mtu. Wani naye alipotaka kwenda hakuna aliyemshika shati. Hatukugombana naye kwa sababu tulijua anachokifuata. Hakufuata jina lenu. Alifuata daktari.

Goti lake liliharibika hapa, kwenye udongo wetu, si kwenu. Hilo ni letu, na hatutalisukuma kwa mtu mwingine. Mkewe, Lilly, alitwambia usoni, "Mlimpa makofi. Nani kati yenu alimpa daktari?" Ninyi mlimwahidi upasuaji Nairobi. Kwa ahadi hiyo hata sisi tungempakia garini.

Lakini kutakwa ni kitu gani, mgeni rasmi? Msimu mzima uliopita Wani alichezeshwa huku goti limefungwa bandeji, kwa kuwa upasuaji ungefanyika msimu ukiisha. Msimu uliisha. Ikasemwa utafanyika baada ya msimu huu. Sasa hachezeshwi tena. Anakaa kiti cha mwisho, na mpira ukitoka nje upande wake anauokota na kumrudishia mwamuzi. Kama huko ndiko kutakwa, basi sisi tusiotakwa na mtu tunaomba mtuachie wa kwetu.

CHANGAMOTO

Bi Florence alishauri sehemu hii tuiondoe. Tumeifupisha.

Daktari aliyemwona Wani hapa Juba amesema goti halitafika msimu ujao, apasuliwe au asipasuliwe. Upasuaji utamsaidia kutembea na kubeba mtoto. Kucheza kumekwisha. Hii ina maana kwamba atamalizia safari yake mahali fulani kati ya leo na mwisho wa mwezi, akiwa amekaa.

Wiki mbili zilizopita Zadock alimwendea kocha wenu, akamweleza desturi yetu na kuomba kwamba leo, kwa kuwa hii ni mechi ya kirafiki na haimo kwenye ligi yoyote, Wani avuke upande wetu dakika mbili za mwisho. Kocha wenu alimjibu, "Sisi hatuchezi mpira wa huruma." Zadock ni Mkenya wa kazi za benki, mtu wa maneno machache. Alisema asante, akarudi.

Tukamwendea meneja wenu. Yeye alisema, "Khalas, yamekwisha, mkataba ni mkataba. Leo mmoja akivaa jezi nyingine, kesho kila mtu atataka." Tulimwambia hakuna kila mtu. Yuko Wani. Akatuambia labda mwenyekiti mwenyewe akubali, na ndipo tulipojua kwamba tutazungumza nawe leo.

Jumapili baada ya ibada tulimuuliza Wani kama yeye mwenyewe anataka, maana isije ikawa tunaomba kitu cha mtu bila ruhusa yake. "Nataka," akasema. "Lakini mimi sitaomba. Nikiomba watasema nimeanza kusumbua, na hospitali bado."

Lilly alikuwa amesimama karibu na kanga yake begani. Zadock akamuuliza, "Na wewe, dada? Goti litaweza?"

"Dakika mbili naweza kumkanda," akasema. "Zile nyingine zote mlizomchezesha, ninyi na hao, siwezi."

"Tumekusikia, dada."

"Mmenisikia leo."

MAOMBI

Tulipokaa Jumatano tulikuwa na maombi matano. Tulitaka taa, choo cha wachezaji wa kike, nyavu mpya, na mtu wa kufunga geti usiku. Yote manne tumeyafuta. Tulihofia ukiyapata mengi ungechagua lililo rahisi, tukapigiwa makofi na picha, na siku ikaisha.

Limebaki moja. Tunaomba Wani avae jezi ya Ukingo dakika mbili za mwisho za mechi ya leo, na baada ya filimbi apokee mpira kutoka kwa mjane wa Tisa na kuupeleka nyumbani kwake. Hatuombi arudi kwetu. Hatuombi mkataba wake uvunjwe; kesho ni wenu. Akiingia, akapoteza mpira, akawapa ninyi ushindi, hatutalalamika. Tumeshazoea.

Na kuna ombi ndani ya ombi, ambalo ndilo lililotufanya tuandike na kufuta mara nyingi. Yaliyosemwa hapa tumeyasema sisi. Wani hakutuma mtu. Ukikasirika, ukasirike na Ukingo, na majina yetu unaweza kupewa. Upasuaji wake uliahidiwa kabla ya risala hii, nasi tunakuomba mbele ya majirani hawa wote kwamba risala hii isiuguse. Ikiwa inabidi uchague jambo moja tu la kukubali leo, basi uwe upasuaji, na hizo dakika mbili tutazizika wenyewe kama tulivyomzika Tisa.

Lakini hatuoni kwa nini ulazimike kuchagua.

MWISHO

Mgeni rasmi, tunajua hukuzoea kusomewa maneno ya namna hii siku ya kukata utepe. Sisi nasi hatukuzoea kuyaandika. Waliotulea walitufundisha kwamba mgeni hupewa maji kwanza, na maji tumekupa. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, awape wachezaji wako miguu mizima, na siku yako ya kuacha kazi ikifika akupe watu wanaokufahamu wakae karibu nawe. Awarehemu waliotutangulia.

Wani yuko pale, kiti cha mwisho upande wenu, ameinama anafunga kamba za viatu. Mechi inaanza saa kumi. Zikibaki dakika mbili Zadock ataomba mapumziko, kama anavyofanya kila mechi. Mapumziko ni ya dakika moja. Yakiisha, mwamuzi atapuliza filimbi, na wachezaji watano wa Ukingo wataingia uwanjani; wa tano awe nani, utasema wewe.

Ni sisi,
Wachezaji, wanachama na majirani wa Timu ya Ukingo,
Juba Na Bari.