Kura Moja ya Mbaruku

Apa kwanza. Sema wallahi, au kama ni Mkristo gusa kifua, kwamba haya hayatoki nje ya mlango huu. Umeapa? Haya, sogea, maana walioapa kabla yako wameshayafikisha sokoni na kwenye msiba wa jana, na si vizuri wewe ubaki nyuma.

Ni kile kijiwe cha karibu na stesheni ya treni hapa Mpanda, benchi la mninga lililolika katikati kwa kukaliwa. Hadia anauza kahawa pale tangu mabinti zake hawajaota meno. Asubuhi hiyo birika lilikuwa la moto, lakini vikombe alivifunika na sinia, na juu ya sinia ameweka mkono. Mdogo wake, Mbaruku, ameukosa udiwani kwa kura moja. Moja! Angeipata, angelingana na mshindi, Benedikto, na watu wangerudi kupiga upya. Tangu matokeo yatoke Mbaruku hajatoka chumbani, anauliza tu, "Dada, ni nani wangu aliyeniacha?" Na wateja watatu wa Hadia walimwapia hapo hapo kijiweni kwamba kura zao ni za Mbaruku.

— Hakuna kahawa, alisema Hadia. — Mpaka nijue ni nani kati yenu. La sivyo birika linahamia sokoni.

Zefania, wanayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alishika kichwa.

— Dada Hadia, usituonee. Shida ni mji wenyewe. Sisi tuko mwisho wa reli, tumezoea kungoja kinachokuja. Mbaruku tunamwona kila siku, nani atamtaka? Benedikto kashuka juzi kutoka Tabora na begi lenye matairi, watu wakaona huyu ndiye!

— Acha kutupiga fiksi, alisema Damiano, mwenye nyumba mjini na shamba Kasokola. — Kasokola hakuna reli, na kura zao nazo hazitabiriki. Mimi nimechunguza, ni chakula. Mla wali wa kule Mamba ni mpole, anamrudisha yule yule wa zamani. Mla ugali ana hasira, anataka mpya.

— Na anayekula vyote? aliuliza Redio.

— Huyo haendi kupiga kura. Analala.

Hadia aliuma mdomo asicheke. Alitaka jina la kumpelekea mdogo wake, na hawa wanampa wali.

Hapo akasimama Naseeb, muuza vitenge. Jina lake la kijiweni ni Tume, maana kila uchaguzi hutangaza mshindi kabla ya wenye kazi yao.

— Nyie mnabahatisha. Siri ni viboko.

— Ametuanza!

— Sikilizeni basi! Mto Katuma ukikauka, viboko wanabanana kwenye tope moja, wanagombana usiku na mchana. Ile hasira inapanda na vumbi mpaka huku mjini. Mwaka wa viboko kugombana, mji unamwangusha mtu wake. Wachimba dhahabu ndio wa kwanza kuivuta, wako chini na pua zao ziko wazi.

— Na hao viboko walijiandikisha kituo gani, Tume?

— Cheka, Redio, cheka! Wewe si ndiye ulikula pilau ya Benedikto mpaka ukafunguliwa kifungo? Na wewe Damiano, mkeo ana khanga ya Benedikto, nimeiona imeanikwa. Dada Hadia, wasaliti wako hawa. Mimi nilidamka, nikapanga foleni, wino huu hapa!

Akainua kidole. Wenzake nao wakainua vyao, wamekasirika. Vidole vitatu vyeusi juu, na Hadia hajui chochote zaidi ya alivyojua alipoamka.

Wakati huo akafika Séverine, mama wa Katumba anayepitisha samaki, migebuka. Akatua beseni, akaomba kahawa, akaambiwa hakuna. Akavitazama vile vidole.

— Samahani, kaka zangu. Kwetu karani alitushika wote kidole kidogo, mkono wa kushoto. Huku mjini kila mtu anajichagulia?

Redio akatazama chake. Kidogo, cha kushoto. Damiano vile vile. Cha Tume kilikuwa cha shahada, mkono wa kulia, na tayari kilikuwa kinashuka kuelekea mfukoni. Hakikufika. Hadia alikidaka hewani, akachovya ncha ya khanga kwenye kahawa ya moto, akasugua. Hakikutoka kitu. Akakinusa.

— Naseeb. Hii ni piko. Ni ile ya mkeo Rabia, anayowapambia maharusi.

— Umechovya kwenye bakuli la mkeo! alisema Damiano. — Halafu viboko!

— Tume hakupiga kura! Redio alipaza sauti, na wenye maduka wakatoka milangoni.

Tume alijaribu kujinasua, akashindwa.

— Dada Hadia, foleni ilifika barabarani. Jua kali. Nikasema Mbaruku anapita tu, mji mzima wake. Hii yangu moja itampunguzia nini?

Hadia aliacha birika, akaacha vikombe, akaanza kumvuta kwa kile kidole kuelekea mlangoni kwa Mbaruku, na kijiwe kizima nyuma yao.