Flashi ya Reino

Ukitaka kuona watu wasiojua kitu wakikifundisha, njoo mji wetu wa baridi, Thunder Bay, asubuhi, kwenye benchi la nje ya duka la mashine za kufulia. Wa kudumu tuko watatu. Profesa, ambaye chuo anakijua kwa kukipita na basi. Fyuzi, fundi umeme mstaafu, aliyewahi kuzima taa za mtaa mzima akitengeneza kengele ya mlango. Na mimi, ninayekunywa kahawa na kunyamaza nikijiona ndiye mwenye akili. Jumanne hiyo Reino Kallio alikuja na kompyuta yake ya mkononi, inajizima kila baada ya dakika tano. Betri yake ilishakufa, tukapitisha waya wa chaji chini ya mlango, akaipakata mapajani. Ndani yake mlikuwa na video za Aili, mkewe, tuliyemzika majira ya baridi.

— Hii ni kuipiga windo upya tu, kuifuta na kuiwekea Windows mpya, akasema Fyuzi.

— Na Aili wangu?

— Tulia, mzee mwenzangu. Jana si nilimhamishia kwenye flashi? Unayo?

Reino akaipapasa shingoni. Alikuwa ameining'iniza kwa kamba ya kiatu.

Kioo kikauliza: kubakiza mafaili, au kuondoa kila kitu?

— Mimi naona nibakize, akasema Reino.

— Ubakize! Profesa akacheka mpaka kahawa ikamwagika. — Yaani unaoga halafu unarudia chupi ile ile?

— Lakini Profesa...

— Lakini nini? Virusi wanalala ndani ya picha, bwana. Hasa za harusi. Watu wengi, chakula kingi.

— Acha zako, Fyuzi akamkata. — Tatizo ni baridi. Ikipita thelathini chini ya sifuri, mafaili yanaganda. Machi yakiyeyuka yanaacha maji.

— Wewe faili lililoganda umeliona wapi?

— Na wewe kirusi harusini umemwona wapi?

— Basi ni ule mnara wa simu! Unanyonya kumbukumbu. Binamu yangu wa Kenora alilala na simu kifuani, akaamka kasahau jina la mbwa wake.

— Hiyo si simu, hiyo ni bia.

Mwaka juzi mimi niliipiga windo kompyuta yangu kwa kubonyeza kubakiza mafaili, na haikupotea hata picha moja. Nilikuwa na la kusema. Nikang'ata andazi langu la sukari ya pinki, nikafurahia kuwasikiliza wajinga. Reino akabonyeza kuondoa kila kitu.

Mama mmoja akatoka na kikapu cha nguo, nusura ajikwae.

— Waya wa nani huu?

— Wetu, dada. Tunapiga windo, akasema Profesa, kama vile tunapasua moyo wa mtu.

— Vitu vyake mmevihifadhi?

— Video za miaka tisa! Fyuzi akajigamba. — Nimezihamisha kwa mkono wangu. Kufumba na kufumbua, zimeshaingia.

Yule mama akasimama.

— Miaka tisa, kufumba na kufumbua? Ulihamisha nini?

— Folda yake, ile ya pale mbele. Yenye kamshale kwenye kona.

Akakiweka kikapu chini.

— Baba yangu, yenye kamshale ni alama tu ya kufungulia. Umehamisha alama. Video zenyewe zilibaki humo humo kwenye kompyuta.

Fyuzi akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Profesa akasema leo upepo wa ziwani umewahi. Ningependa kusema mimi nilifanya la maana, lakini nilikuwa natazama kikombe changu.

Reino hakutukana mtu. Alishika waya kwa vidole viwili. Kwenye kioo kufuta kulikuwa kumefika asilimia thelathini na moja.

— Niambieni, akasema. — Nikiuchomoa sasa hivi, Aili atabaki?

Asubuhi nzima tulikuwa na majibu ya harusi, ya barafu na ya minara. Akamtazama Fyuzi, akamtazama Profesa, kisha akanigeukia mimi.

Ikawa thelathini na mbili.