Dakika Mbili Kabla ya Kuzima Injini

Wasifu huu ni wa pili. Wa kwanza uliandikwa na mdogo wa marehemu, kwa nia njema kabisa, ukasema kwamba marehemu alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu na mpenda michezo. Mjane aliusoma akiwa amesimama jikoni, akauliza ni mchezo gani huo, maana mtu yule hata mpira wa kwenye televisheni alikuwa akisinzia kabla ya mapumziko. Karatasi nzima haikutaja gari hata mara moja. Akairudisha. "Andikeni upya," alisema, "na gari mliandike. Limenikera miaka thelathini, siwezi kuwa nimekerwa bure." Basi limeandikwa, pamoja na kwamba Jumatatu kuna mtu alitarajiwa kuja kulinunua, jambo ambalo shemeji yake huyohuyo alilipanga kabla hata kaburi halijachimbwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1958 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha saruji, safu ya mwisho, ile iliyokuwa ikipata vumbi zaidi ya zote. Alikuwa wa tatu katika watoto sita. Baba yake alikuwa karani wa ghala la kiwanda na mama yake mshonaji. Akiwa na miaka tisa aliifumua cherehani ya mama yake ili ajue kinachoipigisha kelele, akaiunga tena kabla mama hajarudi, ikabaki skrubu moja mkononi. Cherehani iliendelea kushona kama kawaida. Ile skrubu mama yake aliitunza kwenye kopo la vifungo mpaka uzee wake, na kila alipotaka kumnyamazisha mwanawe alilitikisa lile kopo.

Alisoma shule ya msingi ya kiwandani kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, kisha sekondari ya serikali, ambako alifaulu vizuri fizikia na michoro ya ufundi. Aliomba kusomea uhandisi wa mitambo. Akajibiwa kwamba nafasi zimejaa, na badala yake amepangiwa kusomea utengenezaji wa meno ya bandia, kozi ambayo hakuiomba wala hakujua kama ipo duniani. Alikwenda amenuna, na kwa maelezo yake mwenyewe alinuna muhula mzima. Alihitimu mwaka 1981.

Mwaka huohuo aliajiriwa katika karakana ya meno ya hospitali, chumba chenye dirisha moja nyuma ya jengo la wagonjwa wa nje, kikinuka nta na plasta. Alifanya kazi humo mpaka alipostaafu mwaka 2018. Hakuwa daktari wa meno, na aliudhika kila alipoitwa hivyo. Daktari hung'oa, alisema, yeye hurudisha. Wako wengi waliohudhuria hapa leo ambao wanatafuna na kutabasamu kwa kazi ya mikono yake, na kila mmoja anajijua. Marehemu hakuwahi kumtaja hata mmoja. Akikutana nao barabarani aliwatazama mdomo kwanza, akaridhika, ndipo akasalimia.

Mkewe alimpata kwa sababu ya jino. Wakati ule binti huyo alikuwa mpokea simu wa hospitali, na alikwenda karakana kulalamika kwamba meno ya mama yake yamekuwa makubwa. Marehemu aliyapunguza. Baada ya wiki akarudi kulalamika tena, akapunguziwa tena. Mara ya tatu marehemu aliyageuzageuza yale meno kwenye mwanga, akamwambia kwa upole kwamba hayana kasoro yoyote, na kama anataka kuja anaweza kuja bila meno ya mama. Walifunga ndoa tarehe 19 Desemba 1987, wakajaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume mmoja. Kwa miaka mitano na ushei, kwa maneno ya mjane, waliishi wawili. Halafu akaja mke mwenza.

Alikuja Agosti 1993, mwekundu, wa milango miwili, tumbo karibu liguse lami. Lilikuwa gari la michezo la Kijapani lenye turbo, kile kifaa kinachoisukumia injini hewa ili ipate nguvu, ambalo daktari mmoja aliyekuwa anahama alilitafutia mnunuzi akakosa. Taa zake za mbele zilijificha ndani ya boneti, zikaibuka ukiziwasha, kama mtu anayeamshwa. Marehemu alilitazama siku moja tu, akarudi nyumbani hataki kula. Mkewe alifikiri anaumwa, akampikia uji.

Hapa familia inaomba subira ya wasikilizaji, kwa sababu marehemu naye aliihitaji maisha yake yote. Gari lile lilikuwa na ndugu yake, toleo jingine la kampuni ileile, ambalo lilipata sifa zote: mabango, magazeti, picha kwenye kuta za vinyozi. Hili la marehemu likawa kama mtoto wa pili shuleni, ambaye kila mwalimu humwita kwa jina la kaka yake. Waandishi wa magari walisema ni zito, wengine wakasema halijulikani linataka kuwa nini. Kila kituo cha mafuta mtu alikuja akitabasamu na kuuliza, "Mzee, hii si ile?" Marehemu akajibu, "Si ile. Hii ndiyo yenye turbo." Tabasamu la mtu likafifia, akaenda zake. Hali hiyo ilimuudhi kila mara, na hakuizoea mpaka mwisho.

Waliomwelewa walikuwa wawili. Katika mji mzima magari ya aina ile yalikuwa matatu: lake, la mwalimu wa hesabu ambaye sasa amestaafu, na la mama mwenye duka la dawa. Jumapili asubuhi waliyapanga nyuma ya karakana ya matairi, wakafungua boneti na kuzungumza mpaka jua likawafukuza. Wote wawili wamo hapa, na wameomba kumbukumbu zao ziingizwe.

Mwalimu anasema utamu wa gari lile ulikuwa katika kusita kwake. Unakanyaga mafuta, hakuna kitu, unajiona umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Halafu turbo inaamka, na kiti kinakusukuma mgongo kama vile kuna mtu amechoka kukusubiri. Yeye na mkewe, ambaye naye ametangulia, walikuwa wakinyamaza pamoja pale linaposita na kucheka pamoja pale linapochomoka, na anasema hajui ndoa iliyokuwa na raha kuliko ile.

Mama wa duka la dawa aliendesha mwaka mzima taa moja ikiwa imelala, gari likikonyeza watu barabarani, hata askari mmoja wa usalama akamsimamisha akidhani anachezewa. Kilichokufa kilikuwa kigia kidogo cha plastiki cha kuinulia taa, ambacho hakikupatikana popote. Marehemu alikichukua, akakichonga upya kwa nta kama anavyochonga jino, akakizungushia plasta, akayeyusha nta na kumimina yale madini ya kutengenezea meno ya chuma. "Mpaka leo taa yangu ya kushoto inafunguka kama siku ya kwanza," anasema. "Wenye ile nyingine ya sifa hawana mtu wa hivyo."

Sasa lile lililompa jina la mtaani. Turbo hupata joto kali, na mtu akizima injini ghafla, mafuta ya kulainishia hugandia na kuungua humohumo. Kwa hiyo kila alipofika popote, marehemu alibaki ndani ya gari dakika mbili injini ikiunguruma polepole, ndipo akazima. Mvua inyeshe, wageni wawe sebuleni, chakula kipoe mezani, yeye alikaa. Watoto wa mtaa wakamwita Mzee Dakika Mbili, na watu wazima wakafuata. Siku ya harusi ya binti yake mkubwa alimleta bibi harusi mpaka mlangoni, watu wamesimama, vigelegele vimeanza, akazuia mlango usifunguliwe. Mkewe alikuja dirishani akamwuliza kwa sauti ya chini ambayo watu wote waliisikia, "Mtoto anaolewa, wewe unapoza chuma?" Akajibiwa kwamba imebaki kidogo.

Hasara za haraka alizijua. Mwaka 1999 mdogo wake aliazima gari lile akamwonyeshe mchumba barabara ya milimani, akarudi mbio, akachomoa ufunguo palepale na kuingia kunywa maji. Baada ya wiki likaanza kutoa moshi wa buluu. Turbo ikaagizwa ng'ambo, ikaja ya lile gari jingine. Ikarudishwa, ikaja tena ya lile jingine. Miaka sita gari lilikaa uani chini ya turubai, mahali pale ambapo mkewe alikuwa ameahidiwa chumba cha kufulia, naye akafua juani akilitazama. Ni katika miaka hiyo alipoanza kusema, mbele ya yeyote aliyekuwepo, kwamba siku mzee huyu akifa ataliuza kabla udongo haujakauka. Lilipotengenezwa hatimaye, mwaka 2005, hakuacha kusema. Marehemu alimjibu kila mara kwamba ahakikishe tu hataliita kwa jina la lile jingine tangazoni.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa moyo. Alipewa dawa, akaambiwa apumzike na aseme mapema akibanwa na kifua. Mtu huyu alikuwa na uwezo wa kusikia mkanda wa injini ukilalamika yeye akiwa chumbani amefunga mlango, lakini kifua chake mwenyewe kikimbana alisema ni gesi. Mjane ameomba jambo hili lisilainishwe. Alificha, na wanaompenda hawajamaliza kumkasirikia.

Alhamisi tarehe 5 Oktoba 2023, saa saba mchana, alirudi kutoka karakana ya matairi. Mkewe alisikia gari likiingia uani, akapakua chakula, akaanza kupanga vikombe mezani, kwa sababu dakika zile mbili alizijua bila saa; zilikuwa zinatosha vikombe na kitambaa cha meza. Vikombe vikaisha. Akafuta meza, akasonya, akafunika chakula, akaifuta tena meza ileile. Injini ilikuwa bado inaunguruma. Akatoka na kitambaa begani, maneno ameshayapanga.

Alikuwa amekaa kitini, mkanda ameufungua, miwani imeshuka kifuani. Daktari alieleza baadaye kwamba moyo ulisimama mara moja, pengine gari lilipokuwa ndiyo kwanza limesimama, na kwamba hata angekimbia asingemkuta. Mjane amelisikia hilo kutoka kwa watu wengi na amechoka kuambiwa. Ana hasira, na ameagiza iandikwe hivyo: kwamba mtu huyu alimsubirisha miaka thelathini, na siku aliyomhitaji hakumwita.

Majirani walipofika walimkuta ameingia upande wa abiria, amekaa naye. Jirani mmoja alinyoosha mkono dirishani azime injini. Akamzuia. "Subiri kwanza," alisema. "Bado haijapoa." Aliizima mwenyewe, muda wake ulipofika.

Jana mnunuzi alikuja mapema kuliko Jumatatu yake, watu wakiwa bado kwenye viti vya msiba. Aliletwa uani na shemeji, akalizunguka gari, akapiga tairi teke, akasema kwa masikitiko kwamba alidhani ni ile yenyewe. Mjane alimsikia kutoka dirisha la jikoni. Akatoka nje, na mtu aliyeapa kwamba hajui tofauti ya gari na gari akamwambia, "Yenyewe ni hii. Hii ndiyo yenye turbo." Kisha akamwambia shemeji yake kwamba gari haliuzwi. Shemeji akamkumbusha, kwa adabu, maneno yake ya miaka yote, ambayo mashahidi wake wako mtaa mzima.

"Najua niliyasema," akajibu. "Nilikuwa nayasema na mume wangu. Hayakuwa yenu."

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, mdogo wake ambaye amesamehewa turbo lakini haruhusiwi kuushika ufunguo, wenzake wawili wa Jumapili, na gari moja jekundu ambalo watu wataendelea kulikosea jina.

Mjane ana leseni tangu ujana wake, ila lile gari hakuwahi kuliendesha, kwa kiburi tu. Leo tukitoka hapa ataliendesha mwenyewe mpaka nyumbani, la mwalimu likitangulia na la mama wa duka la dawa likifuata. Chakula kitakuwa tayari. Wageni wote wanaombwa waingie ndani wakae, waanze kula. Mtakapomwona amebaki uani ndani ya gari na injini inaunguruma, tafadhali mtu asimgongee kioo wala asimwite. Atakuja akimaliza.

Naye Mzee Dakika Mbili apumzike kwa amani, na asiharakishwe na mtu.