Sigale Haizami

Kijiwe cha Bodi ni ubao mmoja tu, ubavu wa lori lililokufa zamani, uliolazwa juu ya madumu mawili ya mchanga mbele ya kibanda cha Habibo, pale penye mwinuko wa changarawe kando ya njia ya Garissa kwenda Balambala. Aliyeuweka aliuelekeza mtoni, ili mtu akinywa kahawa ya tangawizi aione Tana inavyopita na kijiji cha Sigale kilivyojikalia bondeni. Lakini Desemba ile ya 1997 mvua ilinyesha kama yenye kisasi. Mto ukapanda, Sigale ikamezwa, zikabaki ncha za mikoma na kipande cha bati la shule. Watu walitoka salama. Mbuzi wengi hawakutoka. Wenyeji wakatawanyika mwinukoni, huyu kwa shemeji, yule chini ya turubai. Na asubuhi hii ya Jumatatu, Ramadhani ikiwa mlangoni, Kenya nzima ilikuwa inapiga kura.

Rage hakuweza kukaa. Alikuwa amepaka ndevu hina, amevaa koti alilovaa kwenye harusi ya binti yake, na kila mara mkono wake ulikwenda mfukoni kuhakikisha kwamba kitambulisho na kadi ya kura bado vipo.

— Mlolongo, keti basi, alisema Salah, ambaye kijiweni huitwa Wakili kwa sababu hushinda kortini Garissa kusikiliza kesi za wengine. Unasimama foleni na foleni yenyewe haipo.

— Niache, Wakili. Nimezoea kusimama.

Jina hilo la Mlolongo alilipata mwaka wa 1988, kura zilipopigwa kwa kupanga mistari nyuma ya picha za wagombea. Mstari aliosimama Rage ulizunguka msikiti, ukafika kisimani, ukarudi. Mstari wa pili ungeweza kukaa wote kwenye ubao huu na bado Habibo akapata nafasi. Ikatangazwa kwamba mfupi umeshinda. Mwaka wa 1992 zikaja kura za siri, lakini Rage alikuwa Elwak akifuata majani na ngamia, na aliporudi sanduku lilikuwa limeshakwenda zake. Hii ilikuwa mara yake ya tatu. Na kituo chake kilikuwa Shule ya Msingi Sigale, ile ambayo sasa kambare walikuwa wakisomea.

— Yule dereva wa jana alisemaje hasa? aliuliza Kalicha, fundi Mborana kutoka Wajir, ambaye lori lake lilikuwa limezama tope na kwa ajili yake kijiwe kizima kilizungumza Kiswahili. Walimwita Spana.

— Alisema kituo kisichofikika kinafutwa, Rage alijibu. Masanduku yanarudi Garissa.

— Na mama Kaaha yuko wapi leo?

Rage alisonya. Mkewe aliondoka alfajiri na wanawake wenzake na ngamia saba, kwenda ukingoni mwa maji kuchukua miti na mikeka ya nyumba zao waliyoiokoa siku ya gharika. Rage alikuwa amemfokea: siku ya kura, mtu anahama? Kaaha akamjibu bila kugeuka: “Nyumba ni yangu, ngamia ni wako. Muulize ngamia kama amekataa.” Kwa Wasomali wa mbugani hapo hakuna rufaa. Mwanamke ndiye anayeisuka nyumba, anayeifunga na kuifungua; mume hukaribishwa tu.

— Wasikilizaji, alisema Abdille, na wote wakanyamaza, maana Abdille aliitwa Bushi Hausi, kwa jina la jengo la BBC kule London. Alilala na redio sikioni na aliomba sukari kwa sauti ya kusoma habari. — Maji hayafuti kura. Ushahidi iko. Kule Uingereza ilikuwa na mji jina yake Dunwich. Mji mkubwa, wallahi. Bandari, makanisa, soko. Bahari ikaanza kuula. Leo nyumba, kesho kanisa, kesho kutwa soko. Mji ukaingia ndani ya maji, zikabaki nyumba chache juu ya mteremko.

— Na watu?

— Wakaenda zao. Lakini bungeni, London, Dunwich ilikuwa na wabunge. Tena wawili!

— Mmoja wa papa na mmoja wa nguru, alisema Kalicha.

— Cheka tu, Spana. Zaidi ya miaka mia tano! Ilikuja kufutwa 1832.

— Nani alikuwa anapiga kura sasa?

— Watu wachache wenye haki hiyo, na nyuma yao tajiri mmoja au wawili waliogawana viti kama nyama ya Idd. Wengine wanasema walipanda mashua, wakapigia kura juu ya maji, pale pale mji ulipokuwa. Na mpaka leo, bahari ikichafuka, watu wanasema wanasikia kengele ya kanisa inalia huko chini.

Habibo aliacha kumimina kahawa. — Astaghfirullah, alisema, kisha akaendelea kumimina.

— Waswahili wamesema asiyekuwepo na lake halipo, alisema Kalicha.

— Dunwich asiyekuwepo ndiye lake lilikuwepo.

— Methali hiyo ni ya nchi kavu, Salah aliamua, akiinua kidole kama hakimu. Nisikilizeni. Sisi tulitawaliwa na nani? Mwingereza. Sheria ya mama ndiyo maziwa ya mtoto. Kama Dunwich ilizama ikabaki na wabunge wawili, basi Sigale ikizama haipunguziwi, inaongezewa! Sisi na nusu ya wilaya tulikuwa tunagawana mbunge mmoja. Sasa tunadai wawili wetu wenyewe.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Abdille kwa furaha, akionyesha mafuriko.

— Ngoja, ngoja, alisema Kalicha. Wenyeji wa Sigale leo ni nani? Mamba. Basi kura ni za mamba.

— Mamba hana kitambulisho.

— Atapata. Atapelekwa skriningi kama nyinyi. Mamba, babu yako alizaliwa wapi? Ukoo gani? Chifu gani anakujua?

— Atasema babu yake alizaliwa hapo hapo mtoni.

— Hawatamwamini! Watamwambia amevuka mpaka wa Somalia pale Liboi kwa kuogelea.

— Na akitakiwa kuweka dole gumba?

— Ataweka. Na atakula karani.

Ubao ulitikisika kwa vicheko. Hata Rage alicheka, kisha mkono ukarudi mfukoni. Mle ndani, nyuma ya kitambulisho, kulikuwa na kadi ya pinki, ile ya skriningi ya 1989, Wasomali walipohojiwa kama kweli ni Wakenya, imefifia kama ulimi wa mgonjwa. Aliitoa akaishika.

— Mimi nilijibu hayo yote, alisema. Babu, ukoo, chifu. Nilijibu juani. Miaka yote serikali inaniuliza mimi ni nani. Leo nataka niijibu mara moja tu, kwa alama ya kalamu, nirudi ninywe kahawa yangu.

Akairudisha kadi mfukoni.

— Bushi Hausi, Rage aliendelea, ile Dunwich ilipofutwa, nani alilia?

Abdille alifikiri. — Sidhani. Hakukuwa na watu wa kulia.

— Basi hapo ndipo tunapotofautiana nao. Wao walikuwa na kiti bila watu. Sisi ni watu tunaonyang'anywa kiti. Kituo kikifutwa leo, uchaguzi ujao nani atakumbuka kukiandika? Itabaki hadithi ya redio: palikuwa na kijiji jina yake Sigale.

— Haifutwi, adeer! alisema Kalicha, akimwita ami kwa Kisomali, na kwa kuwa alikuwa mtu wa vyuma akaruka moja kwa moja kwenye mitambo. Lori langu lina tyubu. Tunazijaza upepo, tunafunga ubao huu juu yake, sanduku linakaa katikati, tunakwenda mpaka kwenye bati la shule. Kura zinapigiwa juu ya paa.

— Asiyejua kuogelea?

— Kura yake imeharibika.

— Si halali, alisema Salah. Kura ni siri. Kwenye paa hata ndege wanaona. Lazima mpiga kura azame, aweke alama chini ya maji, aibuke.

— Na wino?

— Wino wa pweza!

Walikuwa wamefika hapo, Abdille tayari akipima ubao kwa mikono ili ajue utabeba makarani wangapi, trekta ilipopanda mwinuko ikikohoa. Kwenye trela kulikuwa na masanduku ya kura, askari wawili, mawakala wa vyama waliochafuka tope mpaka masikioni, na mwalimu kijana kutoka Mwingi aliyevaa gambuti, na beji ya msimamizi ikining'inia shingoni. Alishuka, akaamkia, akapokea kikombe kutoka kwa Habibo, lakini hakukinywa.

— Wazee, alisema, nimebeba masanduku ya Sigale. Nimeagizwa nikifungulie kituo kilipo kijiji, na kama kijiji hakipo nirudi nayo. Nisaidieni. Sigale iko wapi?

Swali lilikuwa dogo kama kisoda. Wakati huo wote, hakuna aliyekuwa ameliuliza.

Salah alimtazama Kalicha. Kalicha akatazama buti zake. Abdille, aliyeijua Dunwich mtaa kwa mtaa, akazungusha kitufe cha redio ambayo haikuwa imewashwa. Rage aliinua mkono kuelekeza mtoni, maana ndiko alikoelekeza maisha yake yote. Mkono ukafika nusu. Akionyesha maji, masanduku yanarudi Garissa. Akisema Sigale iko hapa ubaoni, ni uongo, na yeye hakusubiri uchaguzi wa tatu ili aanze na uongo.

— Wazee? alisema mwalimu taratibu, akitazama trekta.

Ndipo kengele ikalia.

Ngaa! Ngaa! Ngaa! Chuma juu ya chuma, mlio wa zamani, ule ule uliowaita watoto wa Sigale darasani kila asubuhi.

— Chini ya maji! Abdille alipiga kelele, kikombe kikamponyoka. Wallahi ni kama Dunwich!

Lakini Rage alikuwa na masikio ya mchungaji. Mlio haukutoka mtoni. Ulitoka nyuma yao.

Wakageuka wote pamoja. Nyuma ya kibanda cha Habibo, kwenye uwanja wa changarawe ambao kijiwe kiliupa mgongo siku zote, Sigale ilikuwa imesimama. Ngamia walikuwa wamepiga magoti. Nyumba za mikeka zilikuwa zimepangwa kama zilivyopangwa bondeni, jirani na jirani yake, mlango kwa mlango, na nyingine zilikuwa zikiinuka, miti iliyopinda ikifungwa kamba, wanawake wakiimba ule wimbo wa kufunga nyumba ambao vicheko vya kijiwe na trekta vilikuwa vimeufunika, huyu akianza, wale wakipokea. Wale wa chini ya turubai na wale wa kwa shemeji walikuwa wakija mbio na kadi mikononi. Ubao mweusi wa shule, uliookolewa pamoja na mikeka, uliegemezwa kwenye nyumba ya katikati. Na mbele yake, ringi ya lori iliyokuwa kengele ya shule ikiwa imetundikwa kwenye mti wa hema, Kaaha alikuwa anaipiga kwa nyundo kama anayemdai mtu.

Mwalimu alikwenda mpaka kwake, mawakala nyuma yake.

— Mama, hapa ni wapi?

— Hapa Sigale. Karibu.

— Na jana ilikuwa wapi?

— Jana ilikuwa njiani.

Mwalimu akautazama ubao mweusi, kengele, watu na kadi zao. Akawatazama mawakala. Mmoja akatikisa kichwa kukubali. Wa pili, ambaye hakuwa amekubaliana na mwenzake juu ya jambo lolote tangu Garissa, akakubali pia.

— Teremsheni masanduku, alisema mwalimu. Kituo kimefunguliwa.

Kigelegele kilichopigwa hapo kiliwainua ngamia waliokuwa wamelala. Foleni ikaanza kwenye nyumba ya Kaaha, ikazizunguka nyumba zote, ikafika kibandani kwa Habibo. Rage alisimama ndani yake, na safari hii hakuna mtu aliyeweza kuuita mstari mrefu mfupi, kwa sababu ulikuwa unaingia, mmoja mmoja, ndani ya nyumba ya mikeka yenye harufu ya ubani, mahali ambapo mtu na kalamu yake walikuwa peke yao.

Alipotoka, kidole chake kilikuwa na wino. Alipita mbele ya Kaaha aliyekuwa bado ameshika nyundo.

— Nyumba ni yako, alimwambia.

— Nilikuambia, alisema Kaaha. Lakini alicheka.

Rage akarudi kijiweni. Hakuketi. Alishika ncha moja ya ubao, akamwita Kalicha ashike ya pili, na kwa pamoja wakaugeuza ubao wa Bodi, madumu na vyote, mpaka ukatazamana na kijiji.

— Tumekaa tukiipa Sigale mgongo, alisema. Habibo, nipe kahawa yangu.

Habibo aliinamisha birika. Halikutoka hata tone.

— Imekwisha, abti, mjomba wangu. Wapiga kura wameimaliza.

— Hakuna neno, alisema Rage, akiinua kile kidole cha wino kama taa. Inukeni, twendeni tukanywe Sigale.