Bwana Karibuni Anarudisha Beji

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mratibu wa Wageni na Mafunzo ya Vitendo wa hospitali yetu anastaafu. Jina lake la kwenye faili wengi tumeshalisahau. Tunamjua kama Bwana Karibuni, kwa sababu hilo ndilo neno alilolitumia kuliko mengine yote, na mara nyingi alilitumia kwenye milango isiyokuwa yake. Kamati ya jarida imeniomba mimi, mkunga wa wodi ya wazazi, niandike wasifu wake. Imeniomba pia nisiwe mkali. Nitajitahidi.

Alianza kama karani wa mapokezi, kijana mwembamba mwenye tai moja. Siku moja wakaja wanafunzi wawili wa udaktari kutoka ng'ambo, mabegi mgongoni, na hapakuwa na mtu wa kuwapokea. Yeye akawapokea. Akawatafutia viti, chai na chumba cha kulala, na kabla wiki haijaisha alikuwa amejitafutia na cheo. Tangu hapo wageni hawakukatika: wa udaktari, wa ukunga, kila msimu kundi jipya, na yeye mbele yao kiguu na njia, akifungua milango bila kubisha hodi.

Tusiwe wachoyo wa sifa. Kwa juhudi zake tulipata mashine mbili za kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, na moja bado inafanya kazi. Wapo wanafunzi waliokuja wakajifunza kweli, wakafua mashuka, wakanyamaza pale pa kunyamaza. Hao tunawakumbuka kwa wema. Lakini tunamkumbuka pia yule kijana wa udaktari aliyezimia alipoona kichwa cha mtoto kinatokeza, tukamlaza kitanda cha jirani, na mama wa kitanda cha tatu akatuuliza huyu naye amejifungua mtoto gani. Na kuna muhula mmoja ambapo wanafunzi wanne waliandika kwenye ripoti zao kwamba wamemzalisha mtoto yule yule. Bwana Karibuni aligonga muhuri ripoti zote nne na kuandika "bora sana". Mama aliyemzaa mtoto huyo hakupewa cheti.

Halafu wakaja wanafunzi wa fani ambayo mwanzoni hatukuielewa, wanaitwa doula. Tukaelezwa kwenye kikao kwamba kazi ya doula ni kukaa na mama tangu uchungu unapoanza mpaka anapojifungua: kumshika mkono, kumsugua kiuno, kumfuta jasho, kumpa moyo. Sisi wakunga tukatazamana. Kazi hiyo ilikuwa na wenyewe, akina mama na mashangazi na dada, na wote walikuwa wamekaa nje kwenye benchi.

Maana mlangoni mwa leba palikuwa na tangazo la Bwana Karibuni: ndugu hawaruhusiwi kuingia, kwa sababu ya ufinyu wa nafasi. Na nafasi ni finyu kweli, hatukatai. Ila wageni sita walienea, na siku za ugeni mkubwa hata wanane. Tukimuuliza hesabu hiyo inakaaje, alikuwa na jibu lake alilolipenda, kwamba ndugu wanaleta msongamano na wageni wanaleta uzoefu. Kwa hiyo binti alifunga safari ya ndege kuja kujifunza kumshika mkono mama anayejifungua, na aliyemzaa huyo mama alikaa nje akisikiliza ukuta. Benchi lenyewe lilikuwa na msumari upande wa kushoto uliokwisha kuchana nguo za watu wengi. Tuliomba urekebishwe. Tuliambiwa fungu la mwaka huu limeelekezwa kwenye rangi ya ukumbi wa wageni.

Sasa nije kwenye siku ambayo naye, nina hakika, haijamtoka kichwani. Ni miaka mitatu sasa. Tangu asubuhi alikuwa uwanja wa ndege kupokea wakuu wa chuo kinachotuletea wanafunzi, simu ameizima kwa heshima ya wageni. Huku nyuma binti yake, kitinda mimba, akaletwa na mama yake, uchungu umeshapamba moto, mimba ya kwanza. Tukampokea binti. Mama mtu, mke wa mratibu, tukamwonyesha benchi kama tunavyomwonyesha kila mtu. Hakubisha. Alikuwa ameolewa na lile tangazo muda mrefu kuliko sisi.

Ndani binti alikuwa na wanafunzi watatu miguuni na doula mmoja kichwani. Doula yule alikuwa msichana mpole mwenye maneno mawili ya Kiswahili, "pumua" na "vizuri", akiyasema kwa zamu. Binti akapumua weee, mwisho akatuomba tumwitie mama yake. Tukamjibu lile tunalowajibu wote, na safari hii tukaongeza kwamba kanuni ni ya baba yake. Akageukia ukutani akalia. Doula akataka kujua anasema nini. Tukamweleza. Akauliza mama yuko wapi, tukamwelekeza dirishani.

Yule msichana alitoka, akavua aproni yake na beji yenye maandishi MWANAFUNZI MGENI, akamvisha mke wa mratibu, akamfunga na kamba za mgongoni. Kisha akachukua mfuko wa nguo za mtoto, akakaa yeye kwenye benchi. Mke wa mratibu akaingia, akashika kiuno cha mwanawe, na kilio kikakatika. Sisi tukajitia hamnazo.

Hazikupita dakika nyingi mlango ukafunguliwa bila hodi. Bwana Karibuni na ujumbe wake. Katika miaka yote hiyo hakuwa na mazoea ya kutazama nyuso za vitandani. Aliwatazama wageni wanavyotazama. Akaona mgongo wa aproni umeinama, mikono inasugua, akaueleza ujumbe kwamba yule ni mmoja wa wanafunzi kutoka kwao, na waone alivyoshika haraka namna ya akina mama wa hapa. Ujumbe ukatikisa kichwa kwa kuridhika. Mwanafunzi akageuka, na mikono yake hajaiondoa kiunoni, akamwambia mumewe afunge mlango, binti anapata baridi, naye abaki upande wa nje. Kutoka kitandani sauti aliyoilea mwenyewe ikaongeza kwamba baba atoke.

Alitoka. Alikaa kwenye benchi kando ya doula, upande wa kushoto. Alipoinuka kuwapeleka wageni kwenye chakula, suruali ya sherehe ilikuwa imechanika, akatembea mpaka ukumbini ameziba kwa faili. Mjukuu wa kike alizaliwa salama kabla ya saa nane. Ujumbe ulidhani yote yalikuwa kwenye ratiba.

Mtu angetegemea baada ya hapo dunia ibadilike. Kesho yake tangazo lilibadilika, kweli. Likasema ndugu hawaruhusiwi, isipokuwa ndugu wa watumishi. Tuliomba hayo maneno mawili ya mwisho yafutwe, ndugu wote waingie. Tukaambiwa tusubiri kikao. Doula yule alipewa alama ya "wastani", kwa kosa la kuacha kituo chake cha kazi. Hilo limenikaa rohoni mpaka leo, na nalisema hapa kwa sababu barua yangu ya malalamiko haikujibiwa.

Kikao hakijakaa mpaka leo. Ila wiki tatu zilizopita nilikutana na Bwana Karibuni kwenye korido, nikamsalimia vizuri, shikamoo yangu kamili, nikampongeza kwamba binti ana mimba ya pili. Akafurahi. Nikamuuliza tarehe ya kujifungua, akanitajia, ni mwezi ujao katikati. Nikamuuliza beji anairudisha lini. Akanitajia Ijumaa ya kustaafu. Nilimwacha amesimama pale ameshika tama, akifikiria mkewe siku hiyo atakuwa ndugu wa mtumishi gani.

Jioni ile ile tangazo jipya lililetwa leba na mratibu mwenyewe, bila kikao: kila mama anayejifungua ataingia na ndugu mmoja amtakaye. Nikamwomba aongeze sentensi ya pili, kwamba mgeni ataingia kwa ruhusa ya mama. Akasita. Nikamwambia nina haraka, nikaweka karatasi mfukoni kana kwamba naondoka nayo bila sahihi. Akaongeza, akasaini. Tangazo tumelibandika kwa misumari minne.

Asubuhi iliyofuata nilitoka kumwita mama mmoja mtu mzima aliyekuwa amekaa kwenye benchi kwa mazoea, binti yake yuko ndani. Aliponiona namfuata akaanza kulia kabla sijafungua mdomo. Hapa kwetu aliyeitwa ndani ameitwa kwa msiba, na sisi ndio tuliowazoesha hivyo. Ilibidi nimshike mabega nimwambie mara mbili kwamba hakuna kilichoharibika, anaitwa tu akamshike mwanawe. Akauliza aviache wapi viatu vyake.

Kwa sahihi ile, Bwana Karibuni, wodi nzima inakushukuru, na hatuchunguzi uliitia kwa ajili ya nani. Zawadi yetu ya kukuaga ni benchi, maana pale nje halina kazi tena. Tumelisugua, tumelipaka vanishi, msumari tumeuacha. Upumzike kwa amani na afya. Na siku binti yako atakapoletwa kujifungua, uje nalo ulikalie. Mkeo atakuwa ndani.